Paa la Zahanati ya Omurubira

Omurubira,
Mwishoni mwa Novemba.

Mdogo wangu mpendwa Ambrose,

Shikamoo yako aliyoileta Edgar aliporudi kutoka Mwanza imenifikia, nami naitikia marahaba kwa maandishi, nikiongeza salamu kwa mkeo Evelyn na watoto. Natumaini kile kifua chako kimepona. Sisi huku mpakani mwa Karagwe na Kyerwa tu wazima. Mama bado anatembea mwenyewe hadi kanisani. Baada ya kukujulia hali, naomba uketi, kwa kuwa yanayofuata nayaandika nikiwa na hasira.

Unakumbuka kwamba boma la zahanati tulilijenga kwa nguvu zetu wenyewe, wanawake wakisomba maji na mchanga, wanaume tukifyatua na kuchoma matofali, hadi kuta zikafika kwenye lenta, tayari kwa paa. Kwa mujibu wa makubaliano, kupaua ilikuwa kazi ya halmashauri. Kiangazi kilichopita alikuja mhandisi wao, kijana mwenye adabu, akatamka mbele ya mkutano wa kijiji kwamba mvua haitazikuta kuta zile zikiwa wazi. Tulimkaribisha nyumbani. Mama akamletea kahawa ya kutafuna katika kikapu chake, naye akaipokea kwa mikono miwili, akatafuna, akaomba nyingine.

Hapo ndipo tulipokosea. Mimi nilikwisha kuandaa muhtasari wa ahadi yake ili autie sahihi. Mama alinikaripia mbele ya wageni kwamba aliyetafuna kahawa ya nyumba hii amekwisha kuwa wetu, na kumshikisha kalamu baada ya hapo ni kumwita mwongo. Kashaija, fundi wetu, ambaye hakosi neno, akaongeza kwamba mimi ningemdai sahihi hata padri baada ya komunyo. Watu wakacheka, nami nikaikunja karatasi yangu.

Mvua ikaanza, mhandisi akahamishwa. Nilifunga safari hadi ofisini kwao. Aliyeshika nafasi yake alinieleza, bila hata kunipa kiti, kwamba hana taarifa ya ahadi hiyo, na kwamba nisubiri mwaka wa fedha ujao. Nilipomfahamisha habari ya kahawa, alimgeukia mwenzake akamuuliza kama siku hizi serikali inaendeshwa kwa kutafuna. Walicheka, Ambrose. Mimi mwenye mvi hizi nilisimama katikati ya ofisi ya umma nikichekwa na watoto.

Muuguzi tulikuwa naye tayari, Bi Renatha, aliyekuwa akitoa dawa kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji. Placidia, mke wa Projest, aliposhikwa na uchungu, mvua ilikuwa ikinyesha. Bi Renatha aliwaambia wazi kwamba hawezi kumzalisha mtu ndani ya kuta zisizo na paa. Wakampakia kwenye bodaboda kuelekea kituo cha afya cha Kayanga. Hawakufika. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, kwenye tope, wala hakulia. Siku ya maziko ya mtoto huyo Projest aliniuliza kwa nini nilimwacha mhandisi aondoke bila sahihi.

Wiki hiyohiyo ilitumwa kwenye simu zetu Taarifa kwa Umma ya halmashauri, ikieleza, nami nanukuu, kuwa wakazi wa Omurubira wanaendelea kunufaika na huduma za afya karibu na makazi yao. Wanaendelea kunufaika! Nilimsomea Projest maneno hayo mara moja tu, kisha nikaizima simu.

Sasa nafika kwenye jambo linalokuhusu wewe binafsi. Nyumba yako uliyoijenga hapa, mnayolala siku chache za Krismasi na ambayo ufunguo wake uliniachia mimi, haina paa. Nimeiezua. Kashaija alipanda juu, Projest akapokea chini, na mabati yako ya buluu pamoja na mbao zake tukayapeleka zahanati. Hayakutosha jengo zima. Yametosha chumba cha kuzalishia na baraza. Vitanda na vyombo vyenu vyote vipo kwangu, vikavu. Mama alisimama pale tangu bati la kwanza hadi la mwisho, na tulipomaliza akasema kwamba angalau mabati ya mwanawe hayawezi kupewa uhamisho.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungeniambia nisubiri, na neno hilo nimelishiba. Wala sikuombi msamaha kwa kalamu. Juzi Agnetha, binti wa Melkiory, alijifungua humo wakati mvua ikipiga bati, na mtoto alilia hadi tukamsikia sisi tuliosimama nje. Projest alikuwa miongoni mwetu. Alivua kofia, akaondoka bila kuaga.

Hata hivyo hasira yangu haijapoa, kwani jana imetoka taarifa nyingine. Safari hii ina picha. Ni mabati yako, Ambrose, na chini yake imeandikwa kwamba halmashauri imekamilisha upauaji kama ilivyoahidi. Watakuja kuzindua wiki moja kabla ya Krismasi. Tumeagizwa kuandaa ngoma pamoja na risala ya shukrani, na kwa kuwa najulikana kwa lugha sanifu, nimeteuliwa mimi kuiandika na kuisoma.

Nimekubali. Nitashukuru kikamilifu, nikimtaja mwenye mabati kwa majina yake yote, na nyumba yalikotoka, na mtoto wa Projest. Kwa hiyo nakutaka uje kabla ya siku hiyo, uketi mstari wa mbele. Kama moyo wako utakataa niliyoyatenda, hiyo ni haki yako kamili: simama mbele ya wageni hao, uyadai mabati yako, nami nitakushikia ngazi.

Mama anakusalimu, na anasema mtalala chumbani kwake. Fikisha heshima zangu kwa Evelyn, kwa maneno utakayoona yanafaa.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja,
Gaudiosus Rwezaura,
Mwananchi.