Mshono wa Thelathini

Jumapili, 12 Novemba

Tumekutana juani leo, mimi na dada. Ndio tunavyoita. Kila Jumapili jua likifika utosini natoka uani, na yeye huko aliko anatoka nje, tunapigiana simu ya picha. Kivuli changu kimejikunja miguuni kama mbwa. Chake sasa! Kanionyesha kwenye simu, kimelala juu ya theluji mpaka kimevuka barabara. "Nimekuwa twiga," anasema. Jua lao liko chini, linachungulia tu juu ya mapaa kama mwizi.

Lakini mchana ni mmoja. Saa zetu za ukutani zinapishana kidogo. Dada anasema saa hupangwa na serikali, jua halipangwi na mtu. Tuko mstari mmoja wa ramani, ule wa thelathini unaoshuka kutoka ncha ya juu mpaka ya chini. Alipopata hii kazi ya kiwanda cha samaki, Norwei, juu kabisa dunia inakoishia, nililia. Mtu mzima mimi, nikalia. Kesho yake akanifuata mpaka kazini, akaomba tufe moja la dunia, akaweka kidole kwetu akapanda nacho juu moja kwa moja. "Ona. Sijakata kona hata moja. Napanda ngazi tu, mdogo wangu."

Tangu mama afariki yeye ndio mama. Wa kuongea naye mwingine sina. Watu wakinisalimia najibu, halafu maneno yanaisha.

Kitanda chake nimekitandika tena leo. Kasema nisimpe mtu, akirudi atalala wapi.

Jumanne, 14 Novemba

Kazi nyingi. Oda ya shule. Tunatengeneza matufe — ile dunia ya mviringo inayozungushwa mezani. Ramani inakuja imechapwa kwenye karatasi, mwenzangu Redio anaikata vipande vyembamba, vyenye ncha juu na ncha chini, kama pande za chungwa. Mimi nabandika. Kumi na viwili kila tufe. Kipande cha kwanza na cha mwisho vinakutana kwenye mstari wa thelathini, hapo ndio nafunga. Ukikosea kidogo tu nchi inavaa shati la jirani.

Kusoma kwangu ni kwa kupapasa, lakini mshono huo naujua kwa kidole. Bahari ya barafu. Norwei. Pembe ya Ufini. Urusi. Belarusi. Ukraini. Bahari Nyeusi. Uturuki. Bahari ya Kati. Misri. Sudani. Halafu sisi na majirani mpaka kusini kabisa, tumebanana hapo kama nguo kwenye begi. Halafu maji matupu, maji, maji, mpaka barafu ya chini. Naupiga pasi kwa kidole gumba kutoka juu. Nikifika kwetu huwa nakaza kidogo. Hakuna anayejua.

Redio anaitwa hivyo kwa sababu hazimwi.

Jumapili, 26 Novemba

Sijaelewa.

Nimetoka uani saa ile ile. Jua la kupasua kichwa. Dada kapokea — kwake giza la magharibi! Mbingu ya wino, taa za barabarani zinawaka, gari limepita na taa. Nikamuuliza kulikoni. Kasema, "Jua limegoma kutoka, mdogo wangu. Wenyeji wanasema mpaka Januari."

Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Wingu labda. Wingu zito.

Jumatatu, 27 Novemba

Nimekosea. Nimemwambia Redio.

Sijui kwa nini. Tulikuwa wawili mezani, ikanitoka tu. Kaweka mkasi chini. Yeye kuweka mkasi chini ni habari kubwa! Kasema ana binamu yake ng'ambo, huku tukila cha mchana kule wanavaa nguo za kulalia. "Dada yako kashahama huo mstari wenu, bwana. Kuna mtu kambeba. Wanawake wakipata mtu wanatafuta pa kuanzia kukwambia. Yeye kaanzia kwenye jua."

Nikamwambia dada yangu hadanganyi.

"Basi pima," kasema. "Dunia si hiyo mkononi mwako?"

Wa meza ya pili wamecheka. Nikarudi kubandika.

Jumanne, 28 Novemba

Nimepima.

Wenzangu walipoenda kula nilibaki. Tufe likiwa kwenye kigingi changu cha kubandikia, limesimama wima. Nikaisogeza ile taa kubwa ya kukaushia gundi, ikalipiga ubavuni. Nikazungusha taratibu mpaka mshono wangu ukaitazama taa. Mstari wote ukawaka. Wote! Kuanzia ncha ya juu mpaka ya chini, Norwei, Misri, sisi, maji. Nikarudia. Nikazungusha kushoto, nikazungusha kulia. Mshono ukiwa kwenye mwanga, hakuna hata mji mmoja unaobaki gizani.

Kwa hiyo hayuko Norwei.

Sikula.

Jumapili, 3 Desemba

Nilijipanga nimuulize kwa upole. Nikauliza kama polisi.

"Uko wapi, dada?"

Kasema ni swali gani hilo, yuko kule kule. Nyuma yake giza lile lile la buluu. Kasema nimwambie, kwangu jua limefika wapi, anataka kulisikia tu. Nikamwambia, "Mchana kweupe hivi unanidanganya?"

Akacheka, akidhani natania. Halafu akaona uso wangu. "Mdogo wangu, nakudanganya ili nipate nini?" Hapo sauti ya mwanaume ikasema kitu nyuma yake, kwa lugha yao, na yeye akamjibu. Upesi upesi, kama kazoea. Kasema ni msimamizi, anaita watu wa zamu.

Jumapili, zamu?

Nikakata.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimemwandikia. Nimeandika na kufuta mara nyingi, maana herufi zinanikimbia. Mwisho nimetuma hivi: Ukipata mtu sema umepata mtu. Usinipigie mpaka useme kweli uko wapi.

Halafu nimemblok, nimemfungia simu asinipate. Redio ndiye kanionyesha pa kubonyeza. Kanipiga bega: "Sasa umekuwa mwanaume."

Sijisikii chochote kipya.

Jumamosi, 9 Desemba

Mama mwenye nyumba kaja na mpwa wake, na begi la mpwa wake, ila godoro hana. Kasema yule kijana kapata kibarua mjini na mimi nina kitanda kinalala peke yake kama maiti. Zamani ningesema hapana, cha dada. Leo nikasema sawa.

Neno dogo hilo, sawa. Limetoka lenyewe.

Mpwa nimempa jina Mgeni. Shuka la dada nimelikunja nikaliweka kwenye mfuko, juu ya kabati.

Jumapili, 10 Desemba

Jua likiwa utosini nilikaa ndani. Mgeni kaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 14 Desemba

Mzee — mwenye karakana — kanirudishia tufe. Kafunga jicho moja, kapitisha ukucha kwenye mshono. "Norwei umeikata mkia. Mji mmoja huu umeuweka nusu huku, nusu kule. Watu wake wataenda vipi sokoni?" Watu wakacheka. Kasema, wewe siku hizi mkono uko hapa, roho sijui iko duka gani.

Nimelibandua. Karatasi ikichanwa imeshikana na gundi inatoka kama ngozi.

Jumapili, 17 Desemba

Ndani.

Mgeni anakoroma, anaongea, anaimba, anaazima sabuni. Nilidhani chumba kikiwa na mtu kitajaa.

Ijumaa, 5 Januari

Mzee kaniita pembeni. Dada kapiga simu ya ofisi. "Anauliza kama uko hai. Nikamwambia yuko hai, ana gundi mpaka masikioni. Mmegombana?" Nikauliza kasema nini zaidi. Mzee kasema dada kamwachia ujumbe mmoja tu: hajahama.

Hajahama. Basi?

Redio, alivyo na masikio, kasikia. "Na angesemaje?"

Jumanne, 16 Januari

Niandike kabla sijapoteza.

Mama wa miguu anaumwa, mgongo. Yeye ndiye anayeyavalisha matufe miguu, yaani ile chuma ya kusimamia. Mzee kanihamishia meza yake kwa wiki hii. Sijawahi kukaa meza ile. Kwangu tufe linatoka kigingini wima, linakwenda zake, nimemaliza nalo.

Mguu una mkono uliopinda. Ukilitia tufe, linainama. Siku zote nilikuwa nayaona yameinama dukani, nikajua ni mapambo, kama mtu anavyovaa kofia upande! Leo nikamuuliza Mzee kwa nini tusiyasimamishe vizuri. Kaniangalia. "Ndivyo ilivyo, kijana. Dunia haijasimama wima hata siku moja. Inazunguka imeinama hivyo hivyo, kama mzee na jembe."

Wenzangu walipotoka kula nikaenda kuchukua taa ya kukaushia.

Nikaliweka tufe kichwa chake kimeinamia kule, mbali na taa. Nikazungusha. Mshono ukaja kwenye mwanga: maji, sisi, Sudani, Misri, Uturuki, Urusi — halafu mwanga ukaisha. Ukaisha! Ukingo wa kivuli umepita chini kidogo ya mji wa dada. Sisi tunawaka kama sahani, mstari ule ule, mshono niliofunga kwa kidole hiki, na Norwei kwa juu haijaguswa. Nikazungusha tena tufe zima. Kofia ile ya juu haitoki gizani. Inazunguka tu humo humo.

Mzee alikuwa mlangoni, sikumsikia. Nikamuuliza inakaa hivyo milele? Kasema hapana, miezi hii kichwa kimeinamia kule, miezi ile kinarudi upande wa taa, hapo wa juu wanakosa usiku. Kauliza, "Vipi, kwani nani alikwambia vingine?"

Mimi. Mimi niliyelipima limesimama wima.

Aliniambia. "Jua limegoma." Alisema hivyo hivyo, kwa mdomo wake. Alitaka nimwambie jua limefika wapi, alisikie tu. Mwezi mzima na zaidi yuko kwenye giza lile, na mtu wake mmoja kamzimia simu.

Jumatano, 17 Januari

Nimemblokua. Nimepiga. Inaita, haipokelewi. Nimepiga tena, haipokelewi.

Kuandika sikuweza, nikatuma sauti. Nimesema, "Dada, nimeliona tufe limeinama." Nikakwama. Nikasema, "Nilikuwa nalishika wima." Nikakwama tena. Nikatuma hivyo hivyo.

Redio kauliza mbona leo umepauka. Nikamwambia dada yangu yuko Norwei. Kasema, "Nani alibisha?" Huyo!

Alhamisi, 18 Januari

Kaisikiliza. Alama zimegeuka buluu. Hajajibu.

Nimemwambia Mgeni kitanda kile ni cha dada yangu. Kasema, ndio, kizuri, mwambie asante. Nilitaka kumwambia ahame. Katoa begini picha ya mama yake, kaibandika ukutani juu ya mto. Kaitoboa kwa pini zangu.

Ijumaa, 19 Januari

Neno moja kutoka kwa dada: Jumapili.

Halina salamu. Halina mdogo wangu.

Nimeliangalia kila saa kama litaongezeka.

Jumapili, 21 Januari

Niko uani. Daftari nimeliweka juu ya pipa la maji, simu nimeiegemeza kwenye ndoo.

Nimepiga jua lilipofika utosini. Kapokea mara moja. Sikuuona uso wake, kaielekeza simu mbele. Kilima cheupe. Watu wamesimama wametugeuzia mgongo, makofia, watoto wamebebwa mabegani. Wote wanatazama upande mmoja. Mbingu huko ni nyekundu kwa chini, kama mdomo wa jiko.

Nikasema, "Dada—"

Kasema, "Ngoja."

Sauti imekauka. Nikasema, "Dada, mimi—"

"Nimesema ngoja. Usiseme kitu na usikate. Linatoka leo."

Basi nimenyamaza. Kunyamaza naweza, ndio kazi yangu. Lakini leo kila neno nililokosa kumwambia mtu maisha yangu yote limejaa mdomoni. La kitanda nalo limo. Bado hajui la kitanda.

Jua la kwangu liko katikati ya kichwa, shingo inaungua. Kivuli kiko miguuni.

Mgeni katoka kaniona. "Unangoja nini juani hapo, kaka? Utakaangika." Nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Kaja kuchungulia kwenye simu. "Wanangoja nini hao?"

Nikamnong'oneza, jua.

Kanitazama mimi, katazama juu, katazama simu. Karudi ndani anatikisa kichwa. Nasikia kitanda cha dada kikilia akikaa.

Kwenye kilima mtu mmoja kanyoosha mkono. Mtoto kapiga kelele. Wekundu umekuwa dhahabu kwa pembeni tu, kama uzi. Nasikia dada anavyopumua, karibu sana na simu, haraka haraka.

Halijatoka bado.