Mchoro wa Damu Yako, Mama Nekesa

Mama Nekesa,

Kiti chako hapa maabara Ngara kimekaliwa na msichana mgeni. Ni mpole, ana mkono mwepesi wa kutoa damu, lakini sijamzoea. Akicheka nageuka nikidhani ni wewe, kisha namkasirikia bure.

Nilikuja kwako nikiwa mwanagenzi, sijui hata kushika sindano. Wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma mchoro wa protini za damu, vile mashine inavyozitenganisha na kuchora vilima, na vile kilima cha mwisho kinavyokuwa kipana na cha chini kwa mtu mwenye afya. "Ukiona kimechomoka chembamba kama msumari," uliniambia, "ujue kuna seli ndani ya uboho wa mifupa zimeharibika. Zinamwaga protini moja tu, hazikomi. Mpigie daktari, usingoje."

Kisha mgongo ukaanza kukuuma. Ukalaumu kiti. Ukalaumu ngazi za ploti yenu ya kupanga kule Kangemi. Ukawa unachoka asubuhi asubuhi, midomo imekuwa myeupe. Siku uliyokohoa ubavu ukavunjika, ulikunja mkono wa koti lako jeupe ukaninyooshea mkono.

"Toa, Shiru. Na usiniangalie hivyo."

Tulisimama pamoja mstari ukichorwa. Msumari. Hukulia. Ulisema tu, "Sawa. Sasa tumejua." Mimi ndiye niliyekimbilia choo.

Daktari alikutoa uboho kwenye nyonga, akathibitisha: mailoma, saratani ya uboho. Ukaanza dawa. Kila mwezi ulikuja kupimwa ile protini, na hukukubali mtu mwingine akuguse. Uliketi nje na wagonjwa, kana kwamba hujawahi kufanya kazi ndani, unaniuliza nikipita, "Imeshuka ama imepanda?"

Ilishuka. Ilishuka mpaka tukanunua keki, ukaikata kwa wembe mpya wa maabara, umetoka tu kwenye karatasi yake, ukicheka. Ukasema ukimaliza Pasaka unarudi kazini.

Halafu ikapanda. Nilirudia kipimo nikiomba niwe nimekosea. Nilipotoka, ulinisoma usoni kabla sijafungua mdomo.

"Hata usiseme. Rudi ndani, kuna watu wanangoja."

Nikarudi. Nilipima damu za watu nikilia ndani ya barakoa.

Protini ile iliziba figo zako, na baada ya hapo mambo yalienda mbio. Mara ya mwisho, nyumbani kwako, uliniita kwa jina la dada yako. Ukaniomba nikugeuze, polepole. Nilikugeuza polepole, Mama Nekesa, haki ya Mungu, polepole kabisa. Ulipiga ukelele. Bado nausikia.

Wiki jana Nekesa, binti yako, alikuja, ametoka kazini Kileleshwa na yunifomu ya kazi, mtoto wa bosi wake mgongoni. Mgongo unamuuma, akaogopa. Nilimweleza kwamba kubeba mtoto siku nzima kunatosha kumuumiza mtu mgongo, na kwamba ugonjwa wako si wa kurithi ovyo. Hakusikia. Nikampima ili apate usingizi. Kilima kipana, cha chini.

"Uko sawa," nikamwambia.

Nilidhani atafurahi. Alimtikisa mtoto, kisha akasema, "Nionyeshe ya mama."

Nikaufungua mchoro wako wa mwisho kwenye kompyuta. Akaweka kidole pale kwenye ncha.

"Ni hii?"

"Ni hiyo."

"Na ni kadogo hivi."

Tulikaa tu tukiangalia, mtoto akavuta waya wa kompyuta, tukazima.

Desemba tunaenda naye kwenu Bungoma kukujengea kaburi. Nimemwahidi Nekesa, sasa nakuahidi wewe: hata kama itabidi niache kazi, nitakuja. Nitaketi kando yako, na sitakuwa nimebeba majibu yoyote ya vipimo.

Pumzika, mama. Hakuna atakayekudunga tena.

Shiru wako