Ndege za Magunzi Zisiguswe

Baba Zuleha,

Maharage yapo motoni, yaangalie yasiungue. Nimekwenda Usa River na mtoto kumwona dada. Ukila, kula jikoni, maana ndege za magunzi za mchezo wetu wa vita bado ziko mezani, kama ulivyoziacha asubuhi uliponuna ukaondoka, chai hukumaliza.

Ile ndege ya Kijapani ilikutisha Burma, basi ulipotunga mchezo ukaipa gunzi lake alama mbili tu za mbio, ukanisukumia mimi niirushe. Lakini za kukata kona uliipa tisa, kuliko zote, kwa sababu uongo huuwezi. Nikakata kona nikazunguka nyuma ya ndege yako, nikakuangusha.

~~Ukitaka, punguza hizo tisa.~~ Usipunguze kitu. Jioni irushe wewe. Tangu urudi vitani hujapata zamu ya kutisha wengine.

Mkeo,
Mama Zuleha