Tumbo la Baba Limechoka

S.L.P. 61,
Shinyanga.
Agosti 1986

Kaka yangu Mohamedali,

Assalaam aleikum. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na baridi ya Leicester haijawagandisha. Sisi tunaendelea, ila huko kuendelea kuna mengi ndani yake, basi kaa kitako usome. Usishangae Kiswahili. Mama husoma kila barua ya Kigujarati inayolala mezani, na Kiswahili, kama ujuavyo, anakisema kama mzaliwa wa Mhunze lakini kukisoma hawezi. Sitaki aisome hii.

Maboksi ya mifuko ya dawa yamefika kwa treni salama. Tangu Baba arudi kutoka hospitali ya huko, figo zimekufa na mrija uko tumboni, mambo yalikwenda vizuri. Kazi yetu unaijua: tunaingiza tumboni maji ya sukari ya mfuko, yanakaa saa kadhaa yakivuta uchafu na maji ya mwili, kisha tunayatoa. Mfuko unaotoka naupima kwenye mizani ya duka, ile ya mchele. Siku zote ulitoka mzito kuliko ulivyoingia, na Baba akinitania kwamba amepata faida.

Tangu Ramadhani faida imekwisha. Mfuko unatoka mwepesi. Miguu imevimba, viatu havimwingii, analala ameegemea mito na bado anahema. Nilidhani mrija umeziba, nikamgeuza ubavu huu na huu mpaka akanifokea. Naogopa, Kaka. Nikimsikia anakohoa namwacha mteja na kanga mkononi nakimbia ndani.

Wiki iliyopita nilimpeleka Mwanza, Mama akabaki dukani. Daktari alisema mrija hauna kosa. Kilichochoka ni utando unaotanda tumbo kwa ndani. Zamani uliizuia sukari, ikabaki kwenye maji ya mfuko na kuvuta maji ya mwili. Sasa umebadilika: sukari inapenya upesi kuingia kwenye damu, na maji ya mwili hayana tena cha kuyavuta. Alisema miaka huuchosha utando, lakini mifuko ya sukari kali huuchosha mapema zaidi. Akauliza kama tumeitumia sana. Baba akatazama dari.

Nikajibu mimi kwamba ni kila siku. Aliagizwa anywe kidogo sana, lakini nani anauza duka Shinyanga bila kunywa na mteja? Rafiki yake Maige akitoka mnadani huja kukaa kwenye kile kiti chake, Mama analeta chai, na Baba huona ni tusi mgeni anywe peke yake. Halafu kuna Mama mwenyewe. Tangu Baba augue, akiona amemaliza kikombe anafurahi kama amepona, basi anaongeza kingine, na Baba hamkatalii. Jioni ananiambia nimtilie mfuko mkali, uivute chai yote. Ndiyo sababu akakuomba mikali, nawe ukatuma kwa moyo mweupe.

Sasa kilichobaki ni mashine ya kusafisha damu, na huku hatuna. Unajua alivyoapa kwamba atazikwa hapa hapa. Njiani nilimlilia, nikamgombeza. Tulipofika Mabuki akasema basi, atakuja kwako. Akasema kufa hakumtishi, ila akifia hapa iko siku mtu atamwambia Mama kwamba ni chai yake, na hilo hataki Mama alisikie maisha yake yote. Akaniapisha nisimwambie. Wewe nakueleza ili usije ukamuuliza Baba mbele ya Mama.

Tuma tiketi zao wawili upesi, uzungumze na hospitali. Mifuko mikali usitume tena. Tafadhali Kaka, usingoje mwisho wa mwezi, pumzi yake haiungoji.

Maige anakusalimu, na majirani wote. Mama anakusalimu kuliko wote. Amekwisha kufunga majani ya chai kwenye sanduku la Baba, asije akakosa chai nzuri ugenini. Sikuyatoa. Yakifika yapokee, na umshukuru.

Ni mimi dada yako,
Anar