Hela Yangu, Uso wa Mama

Jumanne, 6 Mei 2025

Nimeshinda. Waliosema naliwa waje waniangalie sasa! Hela yote niliyopata kwa kuuza cherehani niliigeuza USDT, zile dola za mtandaoni, nikaingia kwenye mchezo wa gurudumu kwenye simu, nikabonyeza "Yote" — likasimama kwenye mara tano.

Kutoa ndiyo kazi. Wenye mchezo wanataka mwenye akaunti ajirekodi laivu, ageuze uso kushoto na kulia. Na akaunti niliifungua kwa kitambulisho cha Mama, changu kilipotea. Upuuzi mtupu. Wakati naweka hela hawakuuliza sura ya mtu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimewatumia picha ya Mama ya harusini. Wameikataa. Sostenes, anayenibadilishia USDT kuwa shilingi, anasema hao jamaa hawana hata ofisi, wakigoma sina pa kulalamika. Nikifanikiwa nitoe zote, niache. Nimemwambia yeye abadilishe hela, mahubiri nitayasikia Jumapili.

Ijumaa, 9 Mei

Nkuhungu, kwa Mama. Shikamoo, marahaba, chai. Nikamwambia ni akiba, nimeiweka kwa jina lake, wanataka kumwona tu. Uongo? Nusu. Kwani jina si lake?

Akasema tangu Baba afariki hakuna aliyemwekea hata shilingi mia. Imeniuma, siwezi kukataa. Lakini hela ni yangu na sirudi nyuma.

Jumamosi, 10 Mei

Mama kaja kwangu Area D na kitenge cha kwaya, kajipaka na poda. Kushoto. Kulia. Simu ikaandika kwa jina la Mama: "Hongera, Evodia, akaunti yako imethibitishwa." Akaomba ashike simu mwenyewe, aione akiba yake. Ningemnyang'anya vipi?

Nimejifungia chooni na daftari hili. Sijamwibia mtu. Nikitoka namwambia ukweli, namkatia fungu lake, nanunua cherehani nyingine. Basi.

Ananiita. Anauliza hapa pameandikwa Cheza, ni akiba gani hii inachezwa. Na dau bado liko kwenye "Yote" — sikulibadilisha tangu Jumanne.

Nasikia kucha yake ikigonga kioo cha simu.

Sasa mlio ule. Gurudumu linazunguka. Mkono mmoja uko kwenye kitasa, mwingine unaandika. Naweza kutoka. Sitoki. Nimetega sikio nisikie kama wimbo wa ushindi utapiga.