Vitambaa vya Spika na Gitaa Langu la Besi

Jumapili jioni, Ipuli. Upepo wa mwezi wa nane umevuma juma zima, leo tu ndio umepumzika. Vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu: madirishani, kwenye majani ya mpapai, hata kwenye ukingo wa kikombe changu cha chai. Vidole vimechoka. Moyo ni mweupe.

Naandika mapema kabla sijasahau mpangilio wa mambo. Siku hizi huwa nasahau mpangilio kwanza, mambo yenyewe baadaye.

Wanaonisoma hapa tangu zamani wanajua kwamba napiga gitaa la besi kanisani. Kwa asiyejua: nilivuka mto Malagarasi nikiwa kijana, mimi na mama yangu, tukiikimbia Burundi, tukapewa shamba msituni huko Ulyankulu. Gitaa nilijifunzia huko, kwenye kwaya ya makazi ya wakimbizi. Baadaye nikaja Tabora mjini kufundisha shule ya msingi, na kwa miaka mingi watu wa mtaa huu walinijua kama "yule Mrundi" kabla ya kunijua kwa jina. Hadi niliposimama na besi nyuma ya kwaya. Toka hapo nikawa Babu Besi, na watoto wa Ipuli hawanijui kwa jina jingine.

Nimesoma vitabu vingi juu ya barabara ya misafara iliyopita mji huu kwenda Ujiji. Vyote vinasimulia waliopita. Sijakutana na kimoja kinachoeleza mtu aliyefika akabaki anafanya nini ili aache kuhesabiwa kuwa mpita njia.

Mimi nilifanya kwa nyuzi nne.

Ndiyo maana maneno ya Mzee Maganga yalinifika mfupani. Mzee Maganga ni mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa letu, tena ni mtani wangu wa siku nyingi; haipiti wiki hajaniambia nirudi kwetu nikalime ndizi. Mwezi uliopita, baada ya ibada, alinikuta nakunja waya.

"Babu Besi, hilo dude lako linakula nyimbo. Sisi tunaokaa nyuma tunasikia dum, dum, basi. Kwaya inaimba, wewe unatwanga!"

Nilicheka nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Akina mama wa mabenchi ya nyuma walikuwa wamelalamika barazani kwamba maneno ya nyimbo hayasikiki, na baraza lilikuwa limepanga kukaa leo, baada ya ibada, kuamua kama besi iondoke na kwaya ibaki na kinanda peke yake.

Mchungaji naye alikuwa na kesi yake. Ilisemekana sauti yake imeanza kukwama kooni, mahubiri hayafiki nyuma. Akaletewa asali na tangawizi, akanywa kwa utii. Hakuna aliyejiuliza iweje koo la Mchungaji na besi yangu viugue ugonjwa mmoja. Nami sikujiuliza. Kila malalamiko yalipokuja, tuliongeza sauti kwenye miksa, maana hiyo ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa wa spika.

Nilifanya anachofanya mzee anapotishwa. Nilishughulikia vifaa vyangu.

Nyuzi za besi ni ghali na huku hazipatikani kirahisi, kwa hiyo tuliojifunza makambini tunazichemsha. Unazivua, unazikunja, unazitia kwenye maji yanayotokota pamoja na siki kidogo, na jasho la miezi yote linatoka hadi maji yanakuwa kijivu. Ukizikausha vizuri zinarudi kulia kama mpya. Mke wangu alinikuta jikoni nimeinamia sufuria. Akachungulia, akauliza, "Mchuzi wa besi umeiva, au niongeze nyanya?" Nilipaka nta ya nyuki kwenye mwili wa gitaa, ambao seremala mmoja wa hapa alinitengenezea upya kwa mbao za mninga baada ya ule wa zamani kupasuka. Nikafungua tundu la waya, nikachomelea upya kwa risasi pale palipolegea.

Gitaa likawa safi kuliko mimi mwenyewe. Malalamiko yakabaki palepale.

Jana Jumamosi ndipo akaja Kabula.

Kabula ni mwanamke wa makamo, ana kibanda cha kutengeneza redio na spika upande wa Kitete. Umeme wa vifaa alisomea chuoni, akafanya kazi Mwanza, akarudi nyumbani kumuuguza mama yake. Baraza lilimwita atazame mitambo yetu kabla ya uamuzi. Nilikwenda kanisani nikiwa nimejiandaa kumchukia. Mtu aliyeitwa kuipima besi yangu ningempendaje?

Aliingia, akatuamkia wote, wazee na wanakwaya, kwa zamu, kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona fundi wa sauti akilifanya. Hakugusa miksa. Alikwenda kukaa benchi la nyuma kabisa, pale wanapokaa bibi zetu, akatulia kama mtu aliyekuja ibadani.

"Babu, shikamoo tena. Leo naomba upumzike, besi uizime kabisa. Kwaya waimbe, mimi nisikie."

Nilizima. Nilijiona kama mtu anayetolewa nje ya nyumba yake ili wenyeji wazungumze.

Kwaya ikaimba bila besi. Kabula akahama benchi, akahama tena, akarudi nyuma. Alipoinua mkono wanyamaze, alimgeukia Mzee Maganga aliyeketi karibu naye.

"Mzee, wameimba nini?"

Mzee Maganga akafikicha kidevu. "Wameimba... vizuri."

Kanisa zima likacheka, naye mwenyewe akacheka. Lakini jibu lilikuwa limepatikana. Besi haikuwepo, na maneno bado hayakufika nyuma.

Kabula akatembea taratibu hadi mbele kwenye spika. Hapa lazima nieleze. Spika zetu mbili kubwa zimesimama kulia na kushoto kwa mimbari, na tangu ziliponunuliwa zimevaa. Akina mama walizishonea vifuniko vya satini nyekundu vyenye maua ya kudarizi na marinda chini, kama tunavyofunika redio na makochi nyumbani. Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Vumbi lilipopenya kiangazi cha kwanza, waliongeza bitana nzito ndani. Kila mgeni anayekuja hapa husifu vile vitambaa. Mimi nimevisifu mara nyingi, tena kwa dhati.

Kabula akaomba kwaya warudie ubeti. Katikati ya ubeti akakiinua kifuniko kimoja kwa vidole, kama anayechungulia pazia.

Maneno yakatoka.

Sijui nielezeje vizuri zaidi. Sauti ilikuwa ileile, haikuongezwa hata kidogo, lakini ghafla ilikuwa na meno na ulimi. Sauti nene hupita kwenye nguo nzito, nyembamba hunaswa. Besi yangu ilikuwa inapita kwenye bitana bila shida, na ncha za maneno zilikuwa zinabaki ndani ya satini. Kila tulipoongeza sauti tuliongeza kile kinachopita tu. Na koo la Mchungaji lilikuwa zima siku zote, maskini, na asali yote ile.

Wote tulielewa kwa pamoja. Lakini Mama Tabitha alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

Mama Tabitha ni kiongozi wa akina mama, na mkono uliodarizi maua yale ni wake. Msimu alioyashona alikuwa amefiwa na mumewe. Yeye mwenyewe husema sindano ile ndiyo iliyomvusha. Sasa nani angemwambia? Mzee Maganga akaanza kukagua viatu vyake. Waimbaji wakatazama dari.

Nami ndiye niliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kusema. Neno moja lingeiokoa besi. Lakini neno hilo nikilisema mimi lingesikika hivi: ondoeni kazi ya mjane ili gitaa la mtu wa kuja libaki. Nilikaa kimya. Mpaka sasa sijui kama ilikuwa heshima au woga. Pengine vilikuwa vyote viwili.

Kabula akakirudisha kifuniko mahali pake, akayanyoosha marinda kwa kiganja, polepole, kama anayemtengenezea mtu nguo. Kisha akaenda mlangoni, akampokea Mama Tabitha birika kwa mikono miwili.

"Mama, kuna kitu kimenishinda. Nisaidie sikio. Kaa hapa nyuma, usikilize, halafu wewe ndiye useme."

Akamketisha kwenye benchi la mwisho. Akarudi mbele. Kwaya wakaimba, naye akawa anakiinua kifuniko na kukishusha, anakiinua na kukishusha, bila kutoa maelezo yoyote. Mama Tabitha alifumba macho. Tulikuwa tunamtazama yeye, si kwaya.

Akafumbua macho. Halafu akajipiga paja.

"Yaani tumemfunga Mchungaji mdomo kwa satini! Na nyie wanaume mmekaa mnamnywesha tangawizi!"

Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia ndani ya kanisa lile. Nilimwona Mzee Maganga akijifuta machozi kwa kofia yake. Lakini Mama Tabitha hakuwa amemaliza. Alisimama, akaenda hadi kwenye spika, akauliza swali la mtu anayejua kwa nini alifanya alichofanya: "Na vumbi je? Tukizivua, mwezi huu wote si zitakufa?"

Kabula akakubali kwamba zitakufa. Alifungua nyuma ya moja akatuonyesha vumbi jinsi lilivyo adui wa koni, ile karatasi ya ndani inayotetemeka kutoa sauti, akasema kama si vile vifuniko, spika zile zingekuwa zimeshakwenda zamani. Nilimwangalia usoni kuona kama anambembeleza mama wa watu. Hapana. Alikuwa anasema kweli, tena alisubiri mahali pake pa kuisema.

"Basi ziishi kama watu," akasema Mama Tabitha. "Mtu akilala anajifunika, akiamka anajifunua. Jumapili asubuhi tutazivua, ibada ikiisha tutazivika."

Ikawa imekwisha. Hakuna aliyeshindwa.

Lazima niandike na hili, ingawa halinipendezi. Baada ya chai Kabula alinigeukia mimi. Amplifaya yangu imekaa miaka yote sakafuni kwenye kona, mgongo ukutani, na kumbe kona huikuza besi kama mtungi unavyokuza sauti ya anayesemea ndani yake. "Babu, hapa nawe ulikuwa unatwanga kidogo," akasema, na Mzee Maganga akarukaruka kwa furaha kama mtoto. Tukaitoa kwenye kona, tukaipandisha juu ya stuli. Nilipopiga, nilisikia noti zangu zikiwa na mwanzo na mwisho. Nyingine sikuwa nimezisikia hivyo tangu Ulyankulu.

Leo asubuhi akina mama wawili walizivua spika kabla ya kengele, wakavikunja vitambaa kama wanavyokunja khanga mpya. Mchungaji alipofungua kinywa, watu wa nyuma waligeukiana. Kwenye mabenchi yale yuko bibi mmoja, Bibi Nyamizi, ambaye wote tunaamini huja kanisani kulala. Leo Mchungaji alitia kichekesho katikati ya mahubiri, na wa kwanza kucheka alikuwa Bibi Nyamizi. Kumbe siku zote hakuwa akilala. Hakuwa akisikia.

Kwaya iliposimama nilipiga kwa sauti ya chini kuliko kawaida, nikiogopa. Mzee Maganga, kule nyuma, akaniinulia kiganja: pandisha. Nikapandisha.

Baraza halikukaa. Kwenye matangazo ya mwisho Mzee Maganga alisema tu kwamba besi ya Babu itabaki pale ilipo, "na mwenyewe pia, tumemzoea." Watu wakapiga makofi. Nilijifanya nashughulika na waya.

Nilikuwa nalitia gitaa kwenye mfuko wake, ule niliouunga kwa kitambaa cha godoro, Mama Tabitha aliponijia na futi ya ushonaji shingoni. Akautazama mfuko kama mtu anayetazama kidonda.

"Mzee mzima, gitaa kama hili unalivika godoro? Litoe. Nitalishonea mfuko wa maana."

Nikalitoa, nikaliegemeza kwenye benchi. Akapima urefu, akapima kiuno, akipima anahesabu kwa Kinyamwezi chini ya pumzi. Kisha akasita, futi mkononi, akaniangalia.

"Hili nalo linasemea wapi? Nisije nikaliziba."

Miaka yote niliyokaa Tabora nimeulizwa sana natoka wapi. Nimejibu ofisini, sokoni, na hata kwenye vizingiti vya nyumba za marafiki, na jibu ninalo tayari mdomoni, halinichukui hata pumzi. Nasemea wapi, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mbona basi leo, kwa swali dogo kama lile, nilichelewa hivyo kujibu?