Alama ya Baba

Jumamosi, 8 Februari 2025
Tumetoka kwa jirani, Mama Shahid, kuangalia tamthilia. Yule mwendesha mashtaka kiziwi leo kambana muuaji mpaka akakiri — kwa mikono tu! Wameingiza sauti za Kiswahili. Mimi nasikia neno, Dada Raheli, naye kiziwi, anaona alama. Mama Shahid katania kuwa Raheli ndiye mgeni pekee asiyemsumbua aongeze sauti.

Tarehe 5 Machi Raheli naye atasimama mahakamani. Dereva wa shamba la zabibu, kule Makutupora, anadai Baba alikuwa amelala njiani, amelewa, gari lilipomkanyaga akafa. Baba! Hata togwa iliyochacha hakuigusa. Raheli alikuwepo. Aliniambia siku ileile: Baba alisimama, akainua mkono, gari likaja kinyumenyume. Hakuna mwingine aliyeona.

Jumapili, 16 Februari
Raheli hajasoma hata siku moja. Alama zetu tulizitunga wenyewe, jikoni. Kuvuta ukingo wa kofia — Baba. Naona aibu hakimu azione. Kwa hiyo kila jioni namfundisha za kwenye tamthilia, za watu waliosoma. Baba. Gari. Ukweli. Anashika haraka kunipita. Akisahau akavuta kofia, nampiga kidogo mkononi.

Mama anasema tuache mchezo. Si mchezo.

Jumatano, 5 Machi
Sijui nianzie wapi.

Raheli alisimama wima kabisa. Mkalimani, Madam Anitha, akamuuliza kwa alama. Raheli hakuelewa. Akajibu kwa zile nilizomfundisha, taratibu, vizuri — vizuri mno. Madam akakunja uso, akamwomba arudie. Akarudia. Dereva aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka. Hakimu kaahirisha hadi tarehe 20.

Nje Madam akaniita kando.

"Mdogo wangu, zile ni alama za nchi nyingine kabisa. Hapa kwetu hazipo. Nani kamfundisha?"

Nikasema ni mimi.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Akauliza nyumbani tunaongeaje. Nikamweleza, huku natazama chini. Akasema hizo hizo ndizo anazozitaka. Atakuja Jumamosi ajifunze.

Alhamisi, 6 Machi
Mikono ya Raheli ndani ya khanga, kutwa.

Jumamosi, 8 Machi
Madam yupo. Mama kamwekea chai. Kwa Mama Shahid tamthilia imeanza, tunaisikia ukutani. Raheli hajainuka kwenda.

Nimemwomba msamaha kwa alama yetu, ngumi kifuani. Kageuza uso.

Madam ameonyesha picha ya Baba, akauliza huyu mnamwitaje. Mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe. Akaushika.

"Mwache yeye."

Chai imepoa. Nimechukua daftari ili mikono yangu ipate kazi.

Raheli katoa mkono mmoja kwenye khanga. Ameuinua — umefika usawa wa sikio, umesimama hapo. Haitazami picha. Hamtazami Madam. Anatazama mkono wangu, kama utampiga.